Mbwa wako anamrukia kila anayeingia getini? Tuongee kidogo kuhusu kumfundisha na kumzoesha papi

Ukinunua mtoto wa mbwa hapa Dar, hata hujafika naye nyumbani ushaanza kupewa ushauri, na ushauri wenyewe karibu wote unafanana: mfungie bandani mchana kutwa, asizoeane na watu, wageni wasimshikeshike, usiku ndo umfungulie, hapo atakuwa mkali. Mwingine atakwambia umtilie pilipili kwenye ugali, mwingine bangi, na anakwambia kwa uso mkavu kabisa. Afu miezi inapita, huyohuyo mwenye mbwa anaanza kulalamika kwamba mbwa haambiliki, anamrukia kila mtu, kachimba bustani yote, ndala hazikai barazani, geti likiachwa wazi dakika moja tu anakimbiza bodaboda mpaka zinapoishia, na akiitwa ndo kwanza anaongeza spidi.

Hizo habari mbili, ya banda na ya mbwa asiyeambilika, ni habari moja. Ila watu wengi wanazitenganisha, wanadhani ya kwanza ni ulinzi na ya pili ni utundu, au wanasema mbegu mbaya, ningechukua jamani shepadi nisingepata shida. Mi naona tatizo liko kwenye namna tunavyoelewa ukali, kwa hiyo nianzie hapo.

(Pilipili na bangi nizimalize hapahapa. Pilipili inamuumiza tumbo, basi. Bangi ni sumu kwake, anayumba, anajikojolea, anashtukashtuka akiguswa, na mtu anaangalia vile alivyo anasema eeh sasa kashakuwa mkali. Mbwa anaumwa huyo, mpeleke kwa daktari wa mifugo.)

Mbwa anazaliwa hajui binadamu ni nani. Anajifunza, na ana muda maalum wa kujifunza hilo kwa urahisi. Wamarekani wawili, John Paul Scott na John Fuller, walikaa miaka mingi na makundi ya mbwa kwenye maabara ya Bar Harbor, jimbo la Maine, na mwaka 1965 wakachapisha walichokiona: kuanzia kama wiki ya 3 mpaka wiki ya 12 hivi, mtoto wa mbwa kichwa chake kiko wazi, kila anachokutana nacho bila kuumizwa anakiandika kwamba hiki ni cha kawaida, hiki ni chetu. Baada ya hapo mlango unaanza kufungwa taratibu na kitu kigeni kinaanza kuwa kitu cha kuogopwa. Kabla ya hapo, mwaka 1961, wenzao wa hukohuko walishachapisha jaribio moja ambalo mimi nikilisoma linanikumbusha mabanda yetu: watoto wa mbwa walikuzwa kwenye uwanja wenye uzio, chakula wanapata, mama yupo, ila binadamu hawawashiki wala hawachezi nao. Waliotolewa mapema wakazoea watu haraka. Waliokaa mpaka wiki ya 14 ndo wakaletwa kwa watu walikuwa kama wanyama wa porini, hawashikiki.

Sasa piga hesabu ya kwetu. Papi anauzwa na wiki sita, saba, nane, anakuja nyumbani, anaingia bandani, na zile wiki chache zilizobaki kabla mlango haujafungwa anazimalizia akiangalia ukuta wa tofali na mtu mmoja anayeleta sufuria. Akitoka humo ana miezi mitano, kila kitu ni kigeni, kila mtu ni jambazi, pamoja na shangazi yako aliyetoka Tanga kuja kusalimia.

Ndo maana nasema tunachokiita ukali mara nyingi ni woga. Mwangalie vizuri mbwa wa namna hiyo mgeni akiingia: anabweka sana, lakini anabweka huku anarudi nyuma, uzito wake wote uko miguu ya nyuma, manyoya ya mgongoni yamesimama, mkia uko chini, anajilamba midomo, jicho unaona weupe wake pembeni. Ukimtazama usoni anakwepa. Ukigeuka kuondoka ndo anakuja kukung'ata kisigino. Huyo siku mwizi akiingia na rungu atakuwa chini ya gari, ila mtoto wa jirani aliyeruka ukuta kufuata mpira wake ndo atakayeshonwa nyuzi. Mbwa anayejiamini, aliyeona watu wa kila aina, anajua kawaida ikoje, na kwa sababu anaijua kawaida ndo maana mtu anayepanda ukuta saa nane usiku anamshtua. Kubweka na kulinda eneo vinakuja vyenyewe anavyokua, wengi wanaanza kuonyesha kuanzia miezi sita na kuendelea mpaka mwaka na zaidi, huhitaji kumnyima dunia ili avipate. Hata mbwa wa polisi wanafanya kazi katikati ya umati wa watu, wangekuwa wanaogopa watu wasingefaa kwa kazi yoyote.

Kumzoesha hakumaanishi kila mtu amshike na ambusu. Hapa pia watu wanachanganya, wanasikia papi azoeshwe basi wanaita watoto wote wa mtaa, wanamzunguka, mmoja anavuta sikio mwingine mkia, papi anajificha chini ya kiti, halafu tunasema tumemzoesha. Hapo umemfundisha kwamba watoto ni balaa. Kuzoesha ni aone, asikie, anuse, akiwa mbali kiasi cha kutoogopa, na kitu kizuri kiwe kinatokea muda huohuo. Na vitu vya kuzoea Dar viko vingi asee, wala huhitaji kuvitafuta: jamaa aliyevaa helmeti, mama aliyevaa nikabu, mzee mwenye fimbo, mtoto anayekimbia, mtu aliyebeba ndoo kichwani, mwamvuli unaofunguka ghafla, toroli la maji, machinga na spika yake inayorudia maneno yaleyale, pikipiki iliyotobolewa ekzosi, adhana (wengine wanalia nayo, waache, hawajaumwa), kigodoro cha usiku kucha, jenereta, radi za masika, kuku, paka, mbuzi wa jirani. Mbwa aliyekutana na hivi akiwa mdogo hana habari navyo akikua.

Kipimo cha umbali ni chakula. Kaa na papi mahali anapoona bodaboda zinapita, mpe kipande cha firigisi. Anakula na anatazama tazama kwa udadisi, mkia umelegea, hapo ni pazuri. Anakataa firigisi ambayo nyumbani anaifia, au anaipokea kwa kuinyakua na kuitema, mmekaribia mno, rudi nyuma hatua kadhaa mpaka aanze kula. Kesho sogea kidogo. Miayo pia iangalie, mbwa anayepiga miayo wakati hana usingizi, anageuza kichwa pembeni, anajilamba pua bila kuwa na chakula, anakwambia nimechoka na hii kitu. Watu wanasubiri mpaka angurume ndo waelewe, wakati alishaongea muda mrefu.

Sasa hapa pana fundo, na ndo sehemu inayowachanganya hata watu makini. Daktari atakwambia usimtoe nje mpaka amalize chanjo. Chanjo za mwanzo zinaanza kama wiki ya 6 mpaka ya 8, zinarudiwa kila baada ya wiki tatu nne, zinakwenda kuisha kama wiki ya 16. Na nimesema hapo juu mlango unafungwa kama wiki ya 12 mpaka 14. Ukimsikiliza daktari peke yake unapata mbwa mzima wa afya anayeogopa kila kitu, ukimpuuza daktari unaweza kumzika papi kwa sababu parvo, ile inayomuharisha damu na kumtapisha, inaua watoto wa mbwa ndani ya siku chache na kirusi chake kinakaa kwenye udongo miezi na miezi, na mtaani kwetu mbwa koko wasiochanjwa wanapita kila kona.

Wote wako sahihi, cha kufanya ni kutenganisha kuona na kukanyaga. Madaktari wa tabia za wanyama wa Marekani kupitia chama chao walishatoa msimamo mwaka 2008 kwamba papi aanze kuzoeshwa tangu wiki ya 7 au 8, akiwa angalau na siku 7 toka chanjo ya kwanza na ameshapewa dawa ya minyoo, mradi sehemu ni safi. Kwa mazingira yetu maana yake mbebe. Mbebe mkononi, kwenye kikapu, panda naye bajaji, kaa naye mapajani kibarazani kwa Mangi duka linapokuwa na watu, simama naye pembeni ya barabara mwendokasi inapopita. Miguu yake isiguse ardhi ambayo mbwa wengine wanapita, jalala usikaribie kabisa, na mbwa wa kucheza naye awe mbwa unayejua kachanjwa. Wageni waje nyumbani, waache viatu nje. Uani kwako yuko huru, isipokuwa kama umehamia nyumba ya kupanga, muulize mwenye nyumba au majirani kama mpangaji aliyepita alikuwa na mbwa aliyekufa kwa kuharisha damu. Kama ndivyo, papi asianze maisha kwenye udongo huo, subiri amalize chanjo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni nyingine, hiyo inachomwa akiwa na miezi mitatu na inarudiwa kama kadi inavyosema, wengi ni kila mwaka. Muulize afisa mifugo wa kata yako kuhusu chanjo hiyo, hasa kuelekea tarehe 28 Septemba ambayo ni siku ya kichaa cha mbwa duniani.

Tuje kwenye mafunzo yenyewe sasa, na hapa nitatoka Dar kidogo niende Morogoro. Pale SUA, chuo kikuu cha kilimo, kuna shirika la APOPO, wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapahapa Tanzania, akapelekwa Kambodia, akagundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la wanyama la PDSA la Uingereza. Panya, ndugu yangu. Na hakuna aliyemchapa. Watoto wao wakishafumbua macho wanashikwa na watu, wanasikilizishwa kelele, wanatembezwa wakutane na harufu na vitu tofauti, yani kuzoeshwa kulekule. Afu wanafundishwa kwamba mlio mdogo wa klika maana yake ndizi au karanga inakuja. Panya akipatia, klika, anakula. Asipopatia, hamna kitu. Kazi nzima imejengwa hapo.

Kama panya wa Morogoro anafundishika hivyo basi na mbwa wako wa Kinyerezi anafundishika hivyohivyo, maana kanuni ni moja: mnyama anarudia kinachomlipa na anaacha kisichomlipa. Ukiishika hiyo, karibu kila tabia inayokukera utaona wewe mwenyewe, au dada wa kazi, au mlinzi, ndo mnaoilipia.

Chukua kuruka. Papi anasalimia kwa kutafuta uso na mdomo, ndivyo wanavyosalimiana. Akiwa kilo tatu anakupanda gotini, unacheka, unamshika kichwa, unamwita majina. Akifika kilo ishirini na tano na matope ya masika miguuni unapiga kelele toka! toka! na kumsukuma kwa mikono miwili, na kwa mbwa mchangamfu kusukumwa kwa mikono miwili ni mchezo, tena mtamu kuliko wa kwanza. Hivyo anaruka zaidi.

Fanya hivi. Tafuta mtu wa pili, mbwa umfunge kamba, wewe shika kamba. Mwenzako aje kutoka getini kwa mwendo wa kawaida. Miguu minne ikiwa chini, mwenzako anasogea na wewe unadondosha dagaa sakafuni, chini kabisa karibu na kwato, sorry kucha zake, sio juu mkononi maana chakula kikiwa juu na yeye ataenda juu. Miguu ya mbele ikinyanyuka tu, mwenzako anageuka anarudi getini, kimya, hamna toka, hamna shii. Anatulia, mwenzako anakuja tena. Mwanzoni itakuwa vichekesho, nenda rudi nenda rudi, kisha kuna sekunde fulani utamuona mbwa anaanza kunyanyuka halafu anajizuia, anashusha tako chini na kukuangalia wewe usoni. Hapohapo mwage dagaa watatu wanne. Dagaa wa Mwanza waliokaushwa juani wanafaa sana kwa kazi hii, bei nafuu na wananuka vizuri kwa mbwa, ila sio wale waliochemshwa na chumvi nyingi. Firigisi au maini ya kuchemsha, vipande vidogo kama punje ya hindi, weka kwa mazoezi magumu.

Na hili la kuruka kwa Dar sio la uchafu wa nguo tu. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na kwa madhehebu ya Shafi ambayo ndo wengi wa pwani wanayafuata, mate ya mbwa ni najisi, palipoguswa panaoshwa mara saba na moja kati ya hizo kwa udongo. Sasa mzee anakatiza mbele ya geti lako Ijumaa saa sita na nusu, kanzu nyeupe imepigwa pasi, na Tyson wako anatoka mbio amejawa na upendo. Umempotezea sala ya jamaa, na wewe unasimama pale unasema haumi huyo, haumi! Mzee hakuogopa kung'atwa. Kwa hiyo mfundishe papi toka mapema kupita karibu na watu bila kuwagusa, mtu asiyekuja kwake asimhusu, na geti likifunguliwa yeye ana pake pa kukaa, mkeka au gunia lililokunjwa, analipwa akiwa juu yake. Mgeni akisema hapendi mbwa usijaribu kumshawishi, mfungie mbwa nyuma, ujirani ni muhimu kuliko mafunzo.

Kuna hili la kuchangamka kupita kiasi. Watu wanasema mbwa wangu ana nguvu nyingi, hachoki, namkimbiza uwanjani saa nzima akirudi bado anapasua mito. Mara nyingi papi wa namna hiyo hajapungukiwa na mbio, kapungukiwa na usingizi. Mtoto wa mbwa analala saa 18 mpaka 20 kwa siku, na nyumba yenye watoto watano na TV na wageni haimpi hizo saa. Akichoka anafanya kama mtoto wa binadamu aliyechoka, anakuwa kichaa, anang'ata suruali, anazunguka zunguka sebule nzima. Mpeleke kwenye kona yake yenye giza kidogo na feni, mpe kitu cha kutafuna, atalala kabla hujarudi kukaa.

Kung'ata kwenyewe kwa umri huo ni kawaida. Ana meno 28 ya utoto, yanaanza kung'oka kama miezi minne na mpaka miezi sita saba kashapata yale 42 ya ukubwani, katikati hapo fizi zinawasha. Kitambaa kilicholowa maji kikagandishwa friza, karoti baridi, fupa kubwa bichi ukiwa unamwangalia (mifupa ya kupikwa usimpe, hasa ya kuku, inavunjika na kuwa vijiti). Akikung'ata mkono, mkono unakufa, unasimama, mchezo umeisha. Kupiga kelele na kuvuta mkono ndo anachokitaka.

Akili yake nayo ipe kazi. Badala ya kumwekea chakula chote kwenye sufuria, kimwage kwenye majani atafute kwa pua, dakika kumi za kunusa zinamtuliza kuliko kumkimbiza juani. Tatizo ni kunguru. Kunguru wa Dar wanajua ratiba ya mbwa wako kuliko wewe: mmoja anatua nyuma anamvuta mkia, mbwa anageuka kwa hasira, mwenzake anabeba nyama. Mwanzo simama hapo uwafukuze, baadaye watumie, maana huwezi kupata kishawishi kizuri zaidi cha kufundishia acha. Kunguru katua, mbwa kamba iko mkononi mwako, kamkazia macho, unasema acha mara moja, unasubiri. Sekunde anayogeuza kichwa kukuangalia wewe, analipwa maini. Atakayeweza kuacha kunguru ataweza kuacha bodaboda.

Matembezi yawe alfajiri saa kumi na mbili au jioni jua likishapoa. Kuanzia Desemba mpaka Machi lami ya mchana inaunguza nyayo, weka mgongo wa kiganja chako hapo chini uhesabu mpaka saba, ukishindwa na yeye hawezi. Mbwa hatoi jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema, na hewa ya Dar yenye unyevu hata kuhema hakusaidii sana. Akianza kuyumba, ufizi umekuwa mwekundu mno, mate mazito, kivulini mara moja, mmwagie maji ya kawaida mwilini huku unampepea, afu kwa daktari.

Sasa kuchapa. Najua wengi tumekulia kwenye fimbo na tunasema mbona tumenyooka. Hii kwa mbwa ikapata na kisingizio cha kisayansi, kwamba lazima umwonyeshe nani bosi, wewe ndo alfa, mlaze chali mpaka anyooshe mikono. Hilo wazo lilitokana na mbwa mwitu wa kufugwa, Rudolf Schenkel aliwaangalia kwenye bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, akaandika mwaka 1947. Mbwa mwitu wasiojuana waliowekwa kwenye eneo dogo, wanapigana, nani asipigane. David Mech wa Marekani alilisambaza sana wazo hilo mwaka 1970, kisha akaenda kuwaangalia wenyewe porini miaka na miaka, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la kawaida ni baba, mama na watoto wao, hamna vita ya kugombea ubosi. Aliyelisambaza wazo kalirudisha mwenyewe, ila sisi huku bado tunalaza mbwa chali.

Fimbo inafundisha, sikatai, ila inafundisha kitu kingine. Mbwa kakojoa sebuleni saa mbili, wewe umerudi saa kumi na moja unamsugua pua kwenye mkojo na kumchapa ndala. Anachojua ni kwamba wewe ukirudi nyumbani huwa unachapa. Ile sura unayoiona ya kunywea, macho chini, unasema anajua kosa lake, ni ya kukuogopa wewe na sauti yako. Na mbwa anayechapwa kila akinguruma anajifunza kutonguruma, halafu siku moja anang'ata kimyakimya na watu wanasema kang'ata ghafla bila sababu. Kunguruma ni taarifa. Ukiisikia, mwondoe kwenye kinachomsumbua, kisha kaa ufikirie ni nini.

Na kuitwa. Orodhesha mwenyewe mara ngapi wiki hii umemwita mbwa kwa ajili ya kitu kibaya: kufungiwa, kuogeshwa, kutolewa kupe, kuchapwa, kurudishwa ndani wakati uwanja ndo umenoga. Ningekuwa mimi ningekimbia pia. Chagua neno moja la kuitia na lilinde, kila akija kwa neno hilo anakuta maini, anasifiwa, na mara nyingi anaachiwa arudi akacheze. Akitakiwa kuogeshwa mfuate alipo, usilitumie hilo neno. Kamba ya manila ya mita kumi inasaidia sana, mnaenda uwanja wa mpira asubuhi kabla ya vijana kuja, kamba inaburuzika chini, akijifanya hasikii unaikanyaga, hamkimbizani. Na nyumba nzima ikubaliane maneno. Baba anasema siti, dada anasema kaa, mlinzi anapiga mluzi, mtoto anasema njoo akimaanisha toka, mbwa gani ataelewa hapo?

Akifika miezi sita mpaka mwaka na nusu hivi atakuwa kama kasahau yote, mbwa mzuri wa jana leo hakujui. Ni ujana, unapita, wala usimpe mtu wakati huo, na ndo wakati mbwa wengi wa Dar wanapewa mtu wa shamba Kibaha. Rudi kwenye mazoezi mepesi, fupi fupi, kamba irudi mkononi, malipo yapande.

Kwa aliye na mbwa mkubwa tayari, mwaka au miwili, aliyetoka bandani na keshajaribu kung'ata mtu, haya yote bado yanafanya kazi, ila polepole na umbali mkubwa zaidi. Usimpeleke katikati ya watu ili azoee kwa nguvu. Anza na daktari amkague kama ana maumivu, sikio bovu au kupe waliomjaa vidoleni vinaweza kumfanya mbwa yeyote awe mkali, mnunulie kifunga mdomo cha wavu kinachomruhusu kuhema na kunywa maji, umzoeshe kukivaa kwa chakula, geti liwe na komeo ambalo mtoto hafiki.

Na akifanikiwa kumng'ata mtu, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, hapohapo, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo hata kama kidonda ni kidogo, maana kichaa cha mbwa dalili zikishatokea kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Mtaani wanakimbilia kumuua mbwa na kumtupa jalalani, na hapo hakuna atakayejua tena kama alikuwa mgonjwa. Kama anafungika kwa usalama mfunge, mtaarifu afisa mifugo, aangaliwe siku 10, huku aliyeng'atwa anaendelea na matibabu yake bila kusubiri hizo siku. Kadi ya chanjo ya mbwa iwe sehemu ambayo na dada wa kazi anaijua, kwa sababu siku itakayohitajika wewe utakuwa kwenye foleni Ubungo.